Mathenge wa Galbet: Mgeni aliyegoma kuondoka

Ukitoka Nairobi kwa basi kupitia Thika na Mwingi, mwendo wa kilomita zipatazo 370, utavuka daraja la Mto Tana na kuingia mjini Garissa. Hapo jua halina mzaha. Galbet ni mojawapo ya wadi za mji huo, na jina lake linafanana na neno la Kisomali lenye maana ya magharibi. Mvua ni haba. Kwa mwaka wa kawaida haifiki milimita 400. Hata hivyo, upo mti unaobaki kijani kibichi hata kiangazi kinapochacha. Mti huo ni mathenge.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mathenge ni mgeni kutoka Amerika ya Kati, visiwa vya Karibi na kaskazini mwa Amerika Kusini. Mwaka 1973 mbegu zake zilipandwa Bamburi, Mombasa, katika machimbo yaliyoachwa wazi. Miaka ya themanini ukapelekwa sehemu kame kama vile Baringo na Bura, iliyo kusini mwa Garissa. Nia ilikuwa njema: kuzuia udongo usipeperuke na kuwapa watu kuni.

Kiukoo, mathenge ni jamaa ya kunde, mkwaju na hata mgunga wetu. Wataalamu waliuita Prosopis juliflora kwa miaka mingi, lakini mwaka 2022 waliligawa kundi hilo upya na kuupa jina la Neltuma juliflora.

Je, msomaji, utautofautishaje na mgunga? Tazama maganda yake. Ya mathenge ni marefu, ya manjano, yamenyooka au kupinda kidogo, na nyama yake ni tamu. Yale ya mgunga wenye umbo la mwavuli hujikunja kama springi. Maua ya mathenge nayo hujipanga kama kidole chenye rangi ya manjano hafifu, ilhali ya mgunga huo ni vidonge vidogo vyeupe.

Siri ya nguvu zake imo ardhini. Mizizi huzama mbali kutafuta maji. Huko Arizona, Marekani, mzizi wa mti wa jamii yake ulikutwa kwenye kina cha zaidi ya mita 50. Mbuzi na ngamia hula maganda, mbegu hupita tumboni salama, na samadi huzipa mwanzo mwema. Kichaka hufunga malisho na njia za kwendea maji. Miiba huchoma miguu ya watoto na kutoboa magurudumu.

Mbuzi akila maganda hayo kupita kiasi, sukari hunata na kuozesha meno. Wakazi wa Baringo walikwenda mahakamani mwaka 2006 kuidai serikali fidia, na katika kesi hiyo mbuzi kibogoyo aliletwa Nairobi awe ushahidi. Mwaka 2008 serikali iliutangaza mathenge kuwa gugu haribifu.

Lakini tusiukane mti wote. Makaa yake ni mazuri, na maganda yakisagwa huwa chakula cha mifugo huku mbegu zikivunjika zisiote tena.

Hatari iliyopo ni panga lisilochagua. Mgunga huchukua miaka mingi kukua, na chini ya kivuli chake nyasi huota. Anayeukata akidhani ni mathenge huipokonya Galbet mwenyeji na kumwachia mgeni uwanja. Naye anayekata mathenge juu juu tu hufanya kazi bure, maana kisiki huchipua matawi mengi kuliko kwanza. Sharti kichimbwe na kung'olewa chini ya usawa wa ardhi.

Basi wazazi, wafundisheni watoto kutazama ganda na ua kabla ya kushika panga. Mti usioujua huwezi kuulinda, wala huwezi kuushinda.