Mlango wa Karibu Kabla ya Kivuko

Sisi wakazi wa Likoni hupima umbali kwa feri. Hospitali Kuu ya Pwani iko kisiwani, na baina yetu nayo umepita mkono wa bahari wa Kilindini. Anayevuka kwa miguu hatozwi nauli, lakini hutozwa muda wake, na mgonjwa hana muda wa kutoa.

Mwishoni mwa mwaka 2024, baada ya swala ya isha, presha ya mama yetu ilipanda. Tulimkimbiza kwenye zahanati ya kibinafsi iliyo jirani, ambako kwa miaka mingi alitibiwa kwa kadi ya NHIF. Herufi hizo zilikuwa zingali ukutani. Karani aliitazama kadi, akairudisha kwa upole: "Mama, hii haitumiki tena, na hiyo SHA hapa bado hatujaanza kuipokea." Tulilipa kwa fedha za kodi ya nyumba.

Bima ile, iliyoanzishwa mwaka 1966, ilikuwa imeipisha SHA tangu tarehe 1 Oktoba. Habari tuliisikia redioni. Maana yake tuliijua usiku ule. Basi tukaazimia kwamba kila nyumba ya ukoo wetu iujue mlango wake kabla ya maradhi kubisha.

Jumatatu iliyofuata tulianzia hospitali ya serikali ya Likoni. Muuguzi mmoja alitufafanulia jambo ambalo wengi hulichanganya. Aliyejisajili SHA hutibiwa bila malipo katika zahanati na vituo vya afya vilivyo katika mpango huo, hata kama hajatoa mchango. Lakini akihitaji kulazwa au kupasuliwa hospitalini, lazima mchango wake uwe umelipwa.

Tukavuka, tukapanda matatu ya Kisauni kupitia daraja la Nyali, hadi kwa mdogo wetu anayeishi karibu na kituo cha afya cha Mlaleo. Alikuwa na mimba ya miezi saba. Alijisajili, ndiyo, ila kwa simu ya mumewe, naye yuko kazini Ghuba. Wakati huo idhini ya matibabu ililetwa kwa namba ya siri kwenye simu iliyosajiliwa. Tulitazamana. Uchungu ungemshika usiku wa manane Kisauni, na simu ikalia ng'ambo ya bahari, mwenyewe amelala. Hatukuondoka mpaka namba yake mwenyewe ilipoingizwa.

Alasiri tulivuka Makupa kwenda Changamwe, kwa kaka yetu, kibarua wa makontena. Hospitali ya Port Reitz haiko mbali naye, na kwa kuwa alikuwa amejisajili, alidhani yote yamekwisha. Tulimweleza kwamba mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75, na asiye na mshahara hukadiriwa kwa hali yake, kisichopungua shilingi 300 kwa mwezi, na hutakiwa kulipa ya mwaka mzima kwa pamoja. Hesabu hiyo haishuki chini ya shilingi 3,600. Alinyamaza. Fedha hizo si kidogo kwa mtu anayelipwa kwa siku. Tukakubaliana kuchanga, kama tuchangavyo kwa arusi na kwa matanga.

Wasomaji wetu, ulizeni mkiwa wazima: je, kituo hiki kinapokea SHA leo, si jana? Kinahudumia nini, na usiku kiko wazi? Simu ya nani imesajiliwa? Mchango umelipwa hadi lini? Na watoto wameandikwa chini ya jina la mzazi? Majibu huwa ni bure mchana. Usiku yana gharama.

Tulirejea Likoni maghribi, feri imejaa. Mama aliuliza tumemletea nini kutoka mjini. Tulimpa karatasi yenye majina ya vituo vitatu na namba za simu. Aliisoma polepole, akaibandika ukutani, kando ya ratiba ya swala.