Utenzi, Tendi na Katalogi ya Maktaba

Katika tasnifu za fasihi ya Kiswahili hukaririwa mara kwa mara kauli kwamba mada fulani haijaandikiwa. Aghalabu kauli hiyo hutokana na neno moja lililoandikwa katika katalogi ya mtandaoni, na tarakilishi ikajibu kuwa haikupata kitu. Jibu hilo si ushahidi kwamba maandishi hayapo. Tarakilishi hulinganisha herufi tu. Sarufi ya Kiswahili haiijui.

Yafaa ikumbukwe kwamba alama ya nyota, ambayo huwekwa mwishoni mwa neno ili kukusanya maumbo yake, huzifaa zaidi lugha ambazo maneno yake hubadilika mwishoni. Nomino ya Kiswahili hubadilika mwanzoni. Anayeandika "shairi" na nyota hapati "mashairi". Anayeandika "utenzi" hapati "tenzi". Lahaja nazo huzidisha ugumu huo, kwani watu wa Lamu na Pate husema utendi na tendi. Mtafiti makini basi huandika maumbo yote manne na kuyaunganisha kwa neno "or", ambalo mifumo mingi ya katalogi hulitambua. Majina ya watunzi huhitaji uangalifu uo huo: Abdalla, Abdallah na Abdulla ni mtu mmoja kwa msomaji, lakini ni watu watatu kwa tarakilishi.

Hata hivyo, maumbo ya neno peke yake hayatoshi. Tuchukue utendi ambao Mwana Kupona alimtungia bintiye mwaka 1858. Alice Werner na William Hichens waliuchapisha mwaka 1934 kwa anwani ya Kiingereza, The Advice of Mwana Kupona upon the Wifely Duty, ambamo neno utendi halimo. J. W. T. Allen naye aliutia katika kitabu chake Tendi cha mwaka 1971, pamoja na tendi nyingine tano. Katika anwani hiyo jina la mshairi ndilo lisiloonekana. Mwenye neno moja hukosa kitabu kimojawapo, na pengine akadai kuwa utunzi wa wanawake wa pwani haujashughulikiwa.

Njia iliyo bora ni kuipata rekodi moja inayofaa, kisha kuisoma yote. Maktaba zinazofuata mfumo wa Maktaba ya Bunge la Marekani huuweka ushairi huu chini ya mada "Swahili poetry", wala si "Kiswahili", na vitabu vya lugha hii na fasihi yake hupangwa kati ya PL8701 na PL8704. Kuanzia hapo, mtafiti huweza kuvipitia vitabu jirani ambavyo asingevijua kwa jina.

Ingefaa tasnifu inayodai pengo la utafiti itaje maneno yaliyotafutwa, katalogi zilizopekuliwa na tarehe ya upekuzi. Hapo ndipo msimamizi atakapoweza kuipima kauli hiyo kabla ya kuikubali.