Gogo Huzaliwa Desemba

Uingereza, mtu akitimiza miaka 100 hupata kadi kutoka kwa mfalme. Desturi hiyo ilianza mwaka 1917, enzi za George V, wakati salamu zilipopelekwa kwa telegramu. Ireland humwongezea mzee wa umri huo yuro 2,540 pamoja na barua ya rais. Japani, tangu 1963, humpa kikombe cha fedha cha kunywea sake, na wazee wa karne wamekuwa wengi mno hata serikali ikaona, kuanzia 2016, kwamba kikombe kilichopakwa fedha juu juu kinatosha.

Heshima zote hizo zinategemea tarehe iliyoandikwa mahali fulani. Kapseret, nje kidogo ya jiji la Eldoret, tarehe hiyo ndiyo isiyopatikana.

Sababu zinajulikana. Usajili wa lazima wa vizazi kwa Waafrika ulianza Kenya mwaka 1963 katika maeneo machache, ukaenea nchi nzima 1971. Kipande, kitambulisho cha mkoloni, kilikuwa cha wanaume, na wanawake hawakuandikishwa kwa vitambulisho hadi sheria iliporekebishwa 1978. Bibi, au Gogo kama Wakalenjin wa huku wamwitavyo, aliyezaliwa miaka ya 1930 alisimama mbele ya karani akiwa tayari na wajukuu. Karani akakisia mwaka, na siku ilipokosekana akaandika Januari 1. Ndiyo maana wazee wengi wa Kenya wana siku moja ya kuzaliwa, utadhani ni pacha.

Si kwamba hakuna kumbukumbu. Jina la Kikalenjin huhifadhi saa: Jebet alizaliwa mchana, Jelimo mifugo ikitoka alfajiri kwenda malishoni, Jerop mvua ikinyesha. Mwaka hutafutwa kwingine. Je, reli ilikuwa imefika Eldoret, yaani 1924? Nzige waliokula mashamba kuanzia 1928 aliwaona au alisimuliwa? Kaka yake ni wa rika gani? Kimani Ng'ang'a Maruge, aliyeingia darasa la kwanza katika Shule ya Msingi ya Kapkenduiywo, Eldoret, Januari 2004, hakuwa na karatasi ya kuthibitisha kwamba alizaliwa 1920, lakini rekodi za Guinness zilimwandika kuwa na miaka 84.

Basi watoto wa Gogo walioko Minneapolis, Dallas au London hufanya la busara: huchagua Desemba iwe mwezi wa sherehe yake. Shule zimefungwa, likizo imepatikana, mahindi yamevunwa. Uwanja wa ndege wa Eldoret, uliofunguliwa 1997, uko Kapseret kwenyewe, kwa hiyo anayeunganisha ndege Nairobi hutua karibu na mlango wa nyanya yake. Miezi kadhaa kabla, kundi la WhatsApp limeshaundwa, mhazini amechaguliwa, na michango inaingia kwa M-Pesa huku mabishano yakiendelea: hema kubwa au tangi la maji?

Ughaibuni, sherehe ya bibi mara nyingi ni chakula cha mchana mkahawani. Waalikwa wamethibitisha kuja, viti vimehesabiwa, na saa kumi watu wanaaga. Bibi anapuliza mishumaa, anafungua kadi, anapewa maua. Ni sherehe ya mtu mmoja na umri wake, na haina ubaya. Ina faida hata: anayeheshimiwa hachoki.

Kapseret hakuna anayejua watakula wangapi. Majirani huja, kwaya huja, kikundi cha akina mama huja, na mwanasiasa akinusa hema naye huja na kipaza sauti hakitoki mkononi mwake. Wajukuu huvaa sare ya kitenge. Keki kutoka mjini hukatwa, na Gogo huwalisha wengine vipande, mkubwa kwa mdogo, kabla ya mursik, maziwa ya mgando, kumiminwa kutoka kwenye kibuyu. Ile desturi ya vijana ya kummwagia maji anayesherehekea huachwa, kwa bahati nzuri.

Kinachochukua muda mrefu zaidi ni utambulisho. Kila nyumba husimama: huyu ni wa nani, ameoa wapi, huyu mdogo anayeongea Kiingereza cha Texas ni wa kina nani. Hapo ndipo sherehe ilipo hasa. Binamu waliokuwa wakikutana matangani tu hukutana mwenye kuwaunganisha akiwa bado hai, akiwasahihisha majina.

Zawadi nazo hufuata mahali. Kaunti ya Uasin Gishu hukuza mawaridi ya kuuza Ulaya, lakini kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 2,000 Gogo anataka blanketi. Ng'ombe wa maziwa akija, vigelegele.

Hata hivyo, mwaka una kazi yake. Fedha za Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwasaidia wazee, shilingi 2,000 kwa mwezi, hutolewa kuanzia umri wa miaka 70, na kitambulisho ndicho husema umri huo. Mjukuu mwenye simu nzuri angefanya vyema kumkalisha Gogo kando kabla wageni hawajajaa, amuulize habari za nzige, na arekodi.