Mashua Kuukuu na Madirisha Yake

Katika mtaa wa Makadara, kisiwani Mombasa, alikuwako karani mmoja wa bandarini aliyestaafu katika mwaka wa 1997, alipotimiza umri wa miaka 55. Wenziwe waliotangulia kustaafu walinunua mashamba bara ya pili, au walijenga vyumba vya kupangisha. Yeye tangu ujana wake alikuwa akiandika habari za meli za watu wengine katika madaftari, na moyo wake ulitaka chombo chake mwenyewe.

Bahati, au aliyoidhani kuwa bahati, haikumkawilia. Mwezi wa Agosti mwaka ule palitokea machafuko Likoni. Watu waliuawa, wageni wakaacha kuja, na mahoteli ya pwani yakabaki matupu. Wenye mashua za kuwatembeza watalii walianza kuziuza kwa bei ya kutupa. Karani akapata moja ya mashini, ya mbao za mbambakofi, yenye kebini ndogo na madirisha sita ya vioo. Ilikuwa kuukuu, lakini imepakwa rangi nyeupe hata inang'aa. Aliingojea maji yapwe, akaizunguka akiigonga mbao kwa kifundo cha kidole, akalala kifudifudi mchangani kuutazama mkuku, kama alivyowaona wazee wakifanya tangu utotoni mwake. Chini ilikuwa nzima. Kwa madirisha hakutazama. Nani anunuaye chombo akaanza na madirisha? Alimwuliza tu mwenye kuuza kuhusu doa moja la hudhurungi chini ya kioo, akajibiwa, "Hilo ni jasho la dirisha tu, bwana." Akahesabu fedha, sehemu kubwa ya kiinua mgongo chake, akazitoa.

Mwezi wa Oktoba ikaanza ile mvua iliyoitwa ya El Nino. Waliokuwako hawana haja ya kuelezwa. Ilinyesha hata mwaka mpya ukaingia. Kila asubuhi karani alishuka kutoka Makadara, akapita Ndia Kuu, mwavuli mkononi na suruali amezikunja, akenda Bandari ya Kale kuitazama mashua yake. Kila asubuhi aliyakuta maji katika ngama, akashika upo akayafua. Siku ya nne moyo ulimpiga: pengine kalafati imelegea, na bahari inaingia. Akachovya kidole akaonja. Yalikuwa maji matamu.

Alifurahi kama mtu aliyesamehewa deni. Kama si bahari, basi si kitu. Alirudi nyumbani akamwambia mkewe kwamba mashua ni nzima, ni mvua tu inayopenya dirishani. Mkewe, ambaye alikuwa ametaka vyumba vya kupangisha, hakusema neno.

Karani alinunua dukani mirija ya gundi ya silikoni, akaipaka kwa nje kukizunguka kila kioo. Maji yaliingia. Akapaka tena, nene zaidi. Maji yaliingia vilevile, nayo sasa yalidondoka mahali pengine. Mara ya tatu alitia lami juu ya silikoni, na madirisha yakawa kama macho yaliyotiwa wanja na mtoto. Mvua ilipopumzika kidogo, kebini ikaanza kunuka kama kabati lililofungiwa nguo mbichi.

Mwezi wa Februari alimwita fundi wa kalafati, mzee aliyepita miaka sabini, ili akaitie pamba mashua na kuipaka deheni kabla ya mvua za masika. Mzee alifanya kazi yake chini kwa siku mbili, nyundo ikilia kwa mlio ule ule tangu asubuhi hadi adhuhuri. Siku ya tatu alipanda juu kuomba maji ya kunywa, akayaona madirisha. Alisimama kitambo. Kisha akatoa kisu kidogo, akakisukuma katika ubao chini ya dirisha la pili. Kikazama hadi mpini, kama katika muhogo uliochemshwa.

"Mwanangu," alisema, "nani amekufundisha kuliziba jeraha kabla ya kulisafisha?"

"Mzee, ni maji ya mvua tu. Bahari haiingii."

"Bahari! Bahari ingaliingia, mbao hizi zisingalioza hivi."

Hapa inafaa kueleza, kwa sababu wengi hudhani kama alivyodhani karani. Kinachoozesha mbao ni kuvu, nayo huhitaji vitu viwili, unyevu na hewa. Maji matamu huipa kinywaji. Chumvi nyingi huidhoofisha. Waunda meli wa Marekani katika karne ya 19 walilijua jambo hili, wakawa wakijaza chumvi katikati ya mataruma ili meli zao ziishi. Na ushahidi mwingine uko karibu na Makadara kwa mwendo wa miguu. Mbele ya Ngome ya Yesu ilizama meli ya Wareno, Santo Antonio de Tanna, mwaka 1697. Wapiga mbizi walipoichimba kuanzia mwaka 1977 hadi 1980, walizikuta mbao za sehemu yake ya chini bado zingalipo, kwa kuwa zilizikwa katika tope ambamo hewa haifiki wala wadudu wanaotoboa mbao hawawezi kuishi. Sehemu iliyobaki wazi juu ya tope ndiyo iliyoangamia. Karibu miaka 300 chini ya bahari, na mbao zipo. Lakini ubao wa dirisha, katika masika machache ya maji matamu yaliyofungiwa ndani, huwa unga.

Mzee hakukubali kung'oa kitu kabla ya kujua maji yanapita wapi. Alifuta ndani ya kebini kwa kitambaa kikavu, akasugua chaki nyeupe kuyazunguka madirisha yote na kwenye boriti za dari. Akamweka mjukuu wa karani ndani na tochi. Kisha akamwamuru karani amwage maji kwa kata, polepole, akianzia chini ya dirisha na kupanda juu, shubiri kwa shubiri. Anayeanza juu, alisema, humwagia pote kwa mara moja, wala hatajua ni wapi palipovuja.

Chini ya kioo, pakavu. Pembeni mwa kioo, pakavu. Juu ya kioo, pakavu. Karani alianza kutabasamu. Maji yalipomwagwa juu ya paa, penye parafujo za kile chuma cha kushikia mkono, mtoto akapiga kelele, "Yanakuja, babu!" Mstari mweusi ulikuwa ukitambaa katika chaki, ukafuata boriti, ukashuka ndani ya ukuta, na baadaye sana tone likaonekana kwenye pembe ya dirisha. Parafujo zilikuwa za chuma. Kutu ilikuwa imezila na kuyapanua matundu yake.

Lakini hilo lilikuwa nusu ya habari. Mzee alikwangua rangi iliyokuwa chini ya fremu, tabaka baada ya tabaka, nyeupe, kijani, buluu, nyeupe tena, na chini yake akafunua vitundu viwili visivyozidi unene wa njiti ya kiberiti. Aliyeiunda mashua ile alikuwa amevitoboa ili maji yatakayopenya, maana siku moja lazima yapenye, yapate njia ya kutoka nje. Kila aliyeimiliki alikuwa amevipaka rangi, na mwenyewe karani akavimalizia kwa silikoni na lami. Maji yaliingia kutoka juu, yakakosa mlango, yakakaa.

Jumla ya kazi, kwa hesabu ya mzee, ilikaribia nusu ya bei ya mashua. Usiku ule karani hakulala vizuri. Tena kulikuwa na jambo ambalo hakumwambia mtu: mvuvi mmoja kutoka Mtwapa alikuwa ameitaka mashua, naye angekuja Alhamisi kuitazama. Kopo moja la rangi nyeupe lingetosha. Mvuvi naye angelala kifudifudi mchangani kuutazama mkuku, angeukuta mzima, kisha angeuliza juu ya doa, na karani alilijua jawabu, kwa kuwa amekwisha kulinunua mara moja.

Mvuvi alikuja. Karani alimpeleka moja kwa moja penye dirisha la pili, akampa kisu cha mzee mkononi. Mvuvi alikichomeka, akatikisa kichwa, wakanywa kahawa, akaenda zake. Mke wa karani aliposikia, alikaa kimya muda mrefu. Kisha akafungua sanduku, akatoa fedha za mchezo wake wa zamu aliokuwa amepokea wiki ile. "Hizi si za mashua," alisema. "Ni za kunitoa nisisikie tena habari ya madirisha."

Kazi ilichukua wiki tatu. Vioo vyote sita vilitolewa, fremu zikakwanguliwa mpaka ubao mtupu. Silikoni ilikuwa adui mkubwa, kwani mabaki yake hayakubali kitu kingine kushika juu yake, ikabidi zipigwe msasa mara nyingi. Mbao zilizooza zilikatwa kupita mahali palipoonekana kuoza, hata patasi ilipokutana na ubao mgumu. Mzee alikanda puti ya chaki na mafuta ya kitani, akaongeza shahamu kidogo ili isikauke ikapasuka. Hakuipaka nje, aliilaza ndani ya kitako cha fremu, akakikalisha kioo juu yake. Parafujo za chuma zilibadilishwa kwa za shaba, nazo karani alikatazwa kuzikaza kwa nguvu zote, kwa kuwa puti ikifinywa ikatoka yote, hubaki ubao kwa kioo, na katikati hakuna kitu. Vitundu vilizibuliwa, na mjukuu akapewa kazi ya kuvipitisha ukuti kila Ijumaa.

Masika ilipofika, karani alichukua mkeka akaenda kulala ndani ya mashua. Mvua ilianza saa tano ya usiku, ikapiga paa hata hakuyasikia maji ya gatini. Kila alipoamka alipitisha kiganja chini ya madirisha, moja baada ya moja, gizani. Pakavu. Adhana ya alfajiri ilimkuta macho. Kulipopambazuka alitazama tena, naye akaona, kwenye pembe ya dirisha la tano, unyevu mdogo usiozidi ukubwa wa sarafu. Aliutazama kwa muda, akaonja kidole chake, kisha akainuka kutafuta kipande cha chaki.