Dawa Isiyowekwa Akiba

Wahenga walisema kwamba akiba haiozi. Methali hii ni kweli kwa fedha, na kwa nafaka iliyokaushwa vema. Lakini, msomaji mpenzi, iko dawa moja isiyotii methali hii. Huanza kuoza tangu saa inapozaliwa, na faida yake yote imo katika kuoza kwake. Jina lake ni teknesi-99m.

Teknesi iligunduliwa mwaka 1937 na Carlo Perrier na Emilio Segrè mjini Palermo, Italia. Leo aina yake hii hutumiwa katika hospitali za nchi nyingi kupigia picha za mifupa, moyo na figo. Hutiwa katika mshipa wa mgonjwa, nayo hutoa miali ya gama ambayo kamera maalumu huipokea nje ya mwili. Kila saa 6 nusu yake hutoweka. Fanya hesabu mwenyewe: baada ya saa 24 husalia sehemu 1 tu katika 16. Huo ni wema kwa mgonjwa, kwani mgeni huyu hakai mwilini kupita haja. Lakini kwa mletaji ni taabu, maana mzigo wa namna hii hauvumilii safari ndefu.

Kwa hiyo hasafirishwi mtoto, husafirishwa mama. Mama huyo ni molibdeni-99, ambaye nusu uhai wake ni saa 66, yaani siku mbili na robo tatu. Naye akioza huzaa teknesi.

Je, mama hupatikanaje? Katika kinu cha nyuklia, kama kile cha SAFARI-1 kilichoanza kazi mwaka 1965 huko Pelindaba, Afrika Kusini, vibamba vyenye urani hupigwa na nyutroni kwa siku kadhaa. Viini vya urani hupasuka, na katika kila mipasuko 100, takriban 6 huleta molibdeni-99. Mingine huleta vitu vya namna nyingi, vyenye miali mikali. Basi vibamba huingizwa katika chumba chenye kuta nene. Mafundi husimama nje, wakatazama kwa dirisha zito la kioo na kufanya kazi kwa mikono ya chuma. Huviyeyusha kwa magadi makali, kisha hulichuja lile tope mara kwa mara hata molibdeni ikabaki peke yake. Wakifanya pupa, uchafu husalia. Wakikawia, dawa hupungua.

Molibdeni safi hunaswa katika mrija wa alumina uliozungushiwa risasi, ukapelekwa hospitali. Huko humiminwa maji ya chumvi: teknesi hufuata maji, molibdeni hubaki mrijani. Wenye kazi hii hukiita chombo hicho ng'ombe, na kazi yenyewe kukamua. Kilibuniwa Brookhaven, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1950. Kilichokamuliwa hupimwa kwanza, isije ikawa molibdeni imeponyoka pamoja nacho.

Mwaka juzi shangazi yangu aliitwa kupigwa picha ya mifupa. Tulifika alfajiri, tukaambiwa kuwa ng'ombe hajaja kwa kuwa ndege imechelewa. Shangazi, ambaye ni mkulima, aliniuliza kwa nini hawakuweka akiba. Nikamweleza kama ninavyokueleza wewe. Alinyamaza kitambo, akasema, "Basi ni kama maziwa, mwanangu; aliye mbali na zizi hunywa yaliyochacha." Akangoja wiki nzima, bila kujua lililomo mifupani mwake.

Wala mali haiponyi shida hii. Mwaka 2009 kinu cha Chalk River, Kanada, kilisimama kwa zaidi ya mwaka mmoja. Mwaka 2010 kile cha Petten, Uholanzi, kikasimama pia kwa miezi kadhaa. Wagonjwa wa nchi tajiri nao wakangoja, kwani hakuna tajiri awezaye kujaza ghala kwa kitu kinachotoweka.

Miongoni mwenu, vijana, watatoka wafamasia, marubani na makarani wa forodha. Kumbukeni hesabu hii: kifurushi kikiachwa mezani tangu Ijumaa jioni hata Jumatatu jioni, saa 72 zimepita, na zaidi ya nusu ya dawa imekwenda. Hakuna aliyeiiba, kuna waliokuwa wakiingoja.