Dogo wa Vitunguu Aliyepata Ziro

Kama umewahi kupanda basi la Dar kwenda Iringa au Mbeya, Ruaha Mbuyuni unaijua. Ni pale chini kabla ya kuanza kuupanda Mlima Kitonga, mibuyu huku na huku, vijana wanakimbilia madirisha na vitunguu. Kati yao yupo dogo mmoja ambaye kidato cha nne alipata ziro.

Mtaani wakasema hana akili. Mbaya zaidi, na yeye akaamini.

Shuleni alikuwa fundi wa kudesa. Daftari zimejaa, mwandiko msafi. Usiku anakariri kwa Kiingereza vitu ambavyo hata kwa Kiswahili asingeweza kukueleza. Umeme wa maji aliukariri neno kwa neno, wala hakujua kwamba Mto Ruaha Mkuu anaoogelea kila siku maji yake yanatoka bwawa la Mtera na yanakwenda kuzungusha mitambo ya Kidatu! Kuuliza aliogopa. Ukiuliza swali la kijinga, darasa zima linakucheka.

Basi akaingia kwenye vitunguu. Gunia lake la kwanza alinunua vyenye shingo mbichi, wiki haikuisha nusu vikaoza. Mtaji kwisha. Ila safari hii aliuliza. Akawafuata wakulima: kwa nini vimeoza? Vinaanikwa vipi? Gunia la pili alibonyeza shingo moja moja kabla ya kutoa hela.

Siku moja mama mmoja akamuuliza dirishani, "Mwanangu, hivi vitafika Mbeya kweli?" Dogo akamwaga maelezo, shingo, maganda, namna ya kuvihifadhi. Mama akashangaa, "Nani kakufundisha?"

"Nimejifunza mwenyewe mama, baada ya kula hasara."

Basi likaondoka. Yeye akabaki anayawaza maneno yake mwenyewe. Kumbe akili anayo?

Akajiandikisha kurisiti kama mtahiniwa wa kujitegemea. Hela ya tuisheni hana, akawa anasoma vitabu vya Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu kwa bando la usiku. Akimaliza ukurasa anafunga simu, anajieleza kwa Kiswahili kama anamweleza abiria. Akikwama, anajua hapo bado pabichi, anarudi. Kisha anafanya mitihani iliyopita, anasahihisha, anaandika kwa nini amekosa.

Matokeo yakatoka. Jiografia C. Hisabati bado F, na anaifuata tena.

Siku hizi mdogo wake wa kidato cha pili akija na swali hapewi jibu.

"Kaka, si uniambie tu!"

"Jaribu kwanza. Ukikosea tutaangalia umekosea wapi."

Na hapo hakuna anayecheka. Pengine hicho ndicho alichokikosa darasani miaka yote minne.

Wewe je, shule ulielewa au ulikariri tu?