Herufi za Mjomba

Sanduku la herufi katika matbaa ya mjomba, Ngamiani, Tanga, lilikuwa limegawanywa kwa hesabu ya Kiingereza. Chumba kikubwa kuliko vyote kilikuwa cha e. Cha k kilikuwa kidogo mno. Sasa mletee mjomba kadi ya harusi: "kukukaribisha", "karamu", "ukumbi", "kuanzia". Kadi haijafika katikati, k zimekwisha. Hapo mjomba aliazima k kwenye trei ya herufi nene, na ndiyo maana kadi zake nyingi za miaka ya 1980 zilikuwa na k zilizonona katikati ya herufi zilizokonda. Wateja hawakuuliza; walichoangalia ni kama jina la bibi harusi limekosewa. A nazo zilikwisha mapema. Vyumba vya q na x vilikusanya vumbi.

Herufi zenyewe zilikuwa Times New Roman. Mjomba alizipenda kwa ubahili wao: maneno mengi yalienea kwenye karatasi ndogo, na karatasi wakati ule ilikuwa ya kutafutwa kwa tochi. Ubahili huo ulikusudiwa. Mwaka 1929 Stanley Morison, mshauri wa kampuni ya Monotype, alilikosoa gazeti la The Times la London kwamba limechapwa vibaya, nalo likamkabidhi kazi ya kulirekebisha. Aliyechora herufi hizi ni Victor Lardent, wa idara ya matangazo ya gazeti hilo hilo, na tarehe 3 Oktoba 1932 gazeti likatoka na sura mpya. Kwa kuwa safu za gazeti ni nyembamba, herufi zilibanwa ubavuni, lakini matumbo ya a na e yakaachwa makubwa ili zisomeke hata zikiwa ndogo. Zile ncha zinazoota miguuni mwa herufi, mjomba aliziita kucha.

Mimi kazi yangu ilikuwa kuziosha kwa mafuta ya taa baada ya uchapaji na kurudisha kila moja chumbani kwake. Nilijifunza kusoma maneno yakiwa kinyume, b ikijifanya d. Ukipitisha kidole nyuma ya kadi, uliyahisi maneno yalivyozama.

Leo watu husema herufi hizi zinachosha, za barua za ofisini tu. Nadhani wanachokiona ni kivuli: kwenye kompyuta zimekuwa nyembamba, kwa sababu wino ulioenea kidogo pembeni, ukazinenepesha, haupo tena.

Kompyuta zilipofika mjini, mjomba aliuza herufi zake kwa kilo. Walionunua ni wavuvi, waliotaka risasi ya kuyeyusha wafanye vizito vya nyavu. Za q na x zilikwenda baharini zikiwa mpya kabisa.